Gunia la Mchele wa Don Eusebio

Sampaloc, Manila
28 Januari 2018

Dada Liza,

Nimerudi Manila wiki nzima sasa na sauti ile bado haijanitoka. Si kengele za kanisa siku ya Mtoto Mtakatifu, wala si fataki. Ni makofi yenu. Makofi ya wanawake waliofunga vidole kwa vipande vya mpira wa baiskeli hayalii kama makofi ya watu wengine. Yanalia kama nguo mbichi ikipigwa juu ya jiwe. Nilikuwa nimesimama jukwaani kando ya Ninang Puring, mama yangu wa ubatizo, nimevaa gauni alilonishonea yeye, na kila mlipopiga nilihisi napigwa mgongoni.

Nilikutafuta kwa macho nikakukosa. Nyote mlikuwa na vitambaa vyeupe kichwani, nyote mmekuja moja kwa moja kutoka kiwandani kumenya nazi. Kwa hiyo nakuuliza: Don Eusebio, mume wa Ninang na bosi wenu, aliposema kwamba serikali imewapunguzieni kodi, kwamba mifuko yenu sasa imetuna, na kwa sababu hiyo kiwanda hakitatoa tena gunia la mchele kila mwezi, wewe ulipiga makofi?

Kuna mwanamume alipaza sauti nyuma kabisa, "Mungu akuzidishie, Bosi!" Hapo ndipo yalipoanza. Ninang akaninong'oneza, "Unaona walivyo na shukrani? Hawa si kama wafanyakazi wa mjini." Nikatabasamu. Sikujua nifanye nini na uso wangu.

Usinijibu kwa simu. Santi mumeo anasoma simu yako, usiniambie hasomi. Mpe Aling Bining barua pale kibandani kwake sokoni, mwanawe ni utingo wa basi la Manila. Za kwangu nitapitisha hapo hapo.

Mdogo wako,
Jovy

*

San Roque, Quezon
9 Februari 2018

Jovy,

Makofi nilipiga. Tena nilipiga mpaka mpira wa kidole gumba ukachomoka ukamwangukia Aling Chayong kwenye nywele. Ulitaka nikae na mikono kwapani kama mama mkwe asiyeletewa zawadi? Pale mbele padri, pembeni meya, nyuma yangu mume wangu. Ungekuwa wewe ungepiga kwa miguu.

Halafu mbona unakasirika kama umeibiwa? Don alieleza vizuri. Alisema zamani serikali ilikuwa inatumega mshahara, ndiyo maana yeye kwa huruma yake akawa anatufidia kwa mchele. Sasa serikali imeacha kutumega, kwa hiyo fidia ya nini? Tutajinunulia mchele wenyewe, tena ule mzuri tunaoupenda, si ule wake wenye vijiwe. Mimi niliona ana hoja.

Ni kweli, karatasi ya mshahara ya Januari ilikuja vile vile. Makato ni yale yale, ya pensheni, ya matibabu na ya nyumba. Tulimuuliza Santi, maana nyapara ndiye anayepewa majibu. Akasema mambo ya serikali huchukua muda, nyongeza itaonekana mwezi ujao. Basi tunasubiri. Aling Chayong ameshaitumia yake, amekopa feni.

Hapa kwenye kiduka changu cha dirishani biashara imepoa. Soda imepanda, juisi ya unga imepanda, hata mafuta ya taa. Watoto wanakuja na sarafu ile ile ya mwaka jana, nikiwaambia haitoshi wananiangalia kama mwizi. Mutya mwanangu anasema nifunge dirisha nifungue kanisa, maana wateja wanaondoka wakimtaja Mungu.

Na wewe je, msomi wa hesabu? Wewe hiyo kodi imekushukia?

Dada yako,
Liza

*

Sampaloc, Manila
18 Februari 2018

Dada,

Ndiyo, imenishukia. Mwisho wa Januari nilifungua karatasi yangu nikadhani wamekosea. Ofisi nzima ilikuwa inacheka. Meneja wetu amepata kiasi kinacholingana na mshahara wako wa mwezi, na kwake ni kila mwezi, bila kuinua chochote kizito kuliko kikombe. Tulikwenda kula nyama ya kuchoma tukasherehekea. Nilikula, nikashiba, na njiani kurudi nikajiuliza swali ambalo wewe hukuwa umeniuliza bado.

Sasa nisikilize vizuri, na hii mwambie pia Aling Chayong kabla hajakopa friji.

Mwezi ujao hakuna kitakachoonekana, wala mwezi utakaofuata. Mfanyakazi wa kima cha chini hakatwi kodi ya mapato. Si tangu mwaka huu, ni tangu mimi niko kidato cha kwanza. Hamkuwa mnamegwa. Huwezi kupunguziwa mzigo ambao hukuubeba. Sheria hii mpya imewapunguzia wanaokatwa, kama mimi, kama meneja wangu, kama wakubwa wa ghorofani hapo kiwandani kwenu. Na ili pengo lizibwe, sheria hiyo hiyo imeongeza kodi kwenye dizeli, kwenye mafuta ya taa, kwenye kila kinywaji chenye sukari. Yaani kwenye dirisha lako. Mimi nimepewa kwa mkono wa kulia na nyinyi mmenyang'anywa kwa mkono wa kushoto, kisha mkaambiwa mshukuru.

Lakini serikali angalau iliandika sheria yake hadharani. Don Eusebio je? Yeye anajua. Ana wahasibu watatu. Anajua kwamba hamna hata mmoja wenu aliyepata kitu. Hakungoja apunguziwe na mtu, alijipunguzia mwenyewe kwa kukata gunia lenu, akaliita zawadi ya serikali. Na mimi alinisimamisha jukwaani niwe pambo la uongo wake, binti wa mmenya nazi aliyesomeshwa na mke wake.

Mama alimenya nazi pale mpaka alipokufa, na kila mwezi lile gunia lilikuja. Profesa wangu mmoja wa sheria za kazi alikuwa akirudia darasani: kitu ambacho mwajiri amekitoa miaka na miaka bila kukatiza, hakiitwi tena hisani. Ni haki. Hawezi kuamka asubuhi akakitwaa.

Nataka aumie, Liza. Naandika hivi nikiwa nimetulia kabisa. Simtakii ugonjwa, wala moto, wala laana ya mbinguni, maana hayo humpata mtu yeyote. Nataka aumizwe na kitu kinachomhusu yeye, na ajue kimetoka wapi.

Jovy

*

San Roque
11 Machi 2018

Jovy,

Usishangae mwandiko. Mafuta ya taa tunayabana, umeme nao wamekuja kuukata, naandika gizagiza.

Nilimwambia Chayong. Kosa langu. Kesho yake akamsimamisha Santi katikati ya mstari, visu vimenyamaza, akamuuliza kwa sauti, "Nyapara, ile kodi yetu imeshuka stesheni gani? Tumeipokea wapi, tuifuate?" Watu walicheka mpaka maji ya nazi yakamwagika. Santi hakucheka. Nyumbani aliniuliza nani amemtia Chayong maneno. Nikasema redio.

Basi sasa acha. Umeshanieleza, nimeelewa, inatosha. Kujua hakujazi chungu. Mchele umepanda tena na ule wa bei nafuu wa serikali haupatikani, mtu anapanga foleni mpaka nyusi zinaota jasho anarudi na mfuko mtupu. Mimi nimeomba zamu mbili. Wengi tumeomba. Don amefurahi, anasema hajawahi kuona watu wenye ari kama mwaka huu.

Na usisahau jeneza la Mama nani alilinunua. Usisahau ada yako nani aliilipa. Hatukulelewa kumsimangia aliyetushika mkono. Unayetaka kumwumiza ni baba wa nyumba iliyokutoa kwenye tope.

Tuko salama. Mutya amekuwa wa tatu darasani.

Liza

*

Nyumbani kwa Bi Purificacion Villaverde, San Roque
14 Aprili 2018

Jovelyn, mwanangu wa ubatizo,

Nakuandikia kwa kalamu maana mambo ya heshima hayaandikwi kwa vidole gumba.

Mwezi wa Mei, kama ujuavyo, nyumba yetu ndiyo inayofadhili maandamano ya Msalaba. Mwaka huu nimekuchagulia nafasi ya Malkia wa Haki. Utabeba upanga na mizani, na gauni ni la buluu, nimeshampa fundi kipimo chako cha Januari (usinenepe huko). Binti yangu atakuwa Malkia Elena, mkuu wa malkia wote, kama kawaida, wewe utamtangulia.

Baada ya maandamano, padri, meya na wageni wetu wanunuzi watakuwa jukwaani. Hapo nataka useme maneno machache ya shukrani kwa niaba ya wafanyakazi. Sitaki siasa. Sema tu moyo wa mtu wa hapa ulivyo. Mwaka jana walituwekea bango kubwa la kitambaa lenye picha ya mume wangu, Ninong wako, na neno ASANTE, lakini bango halisemi, na mwaka huu kuna midomo midomo kiwandani ambayo sijaizoea. Mtoto wa mmenya nazi akisema asante kwa Kihispania kidogo na machozi kidogo, midomo itafungwa.

Kuna pia meza ya mhasibu inakungoja hapa. Manila hakukufai, umekuwa na macho makali.

Na usisumbuke kuhusu mkono wa dada yako. Siku ile ile tulimpeleka kwa mkunga wetu wa kliniki ya kiwanda akafungwa bandeji. Sheria haitudai kitu, maana mumewe mwenyewe alitueleza kwamba alikuwa akipiga soga kisu kikamponyoka, lakini mimi ni mama. Daktari wa Lucena anasema kano zinaweza kuunganishwa zisipocheleweshwa sana. Mwezi wa Juni, sherehe zikiisha, nitalipia. Nimemwambia Liza mwenyewe: "Mwombe mdogo wako aje aseme vizuri, na vidole vyako nitavishona mimi." Akalia kwa furaha.

Watu wengine fadhila zao ni za punda. Wewe sikukulea hivyo.

Ninang wako,
Puring

*

Sampaloc
19 Aprili 2018

Liza,

Mkono gani?

Nimesoma barua ya Ninang nikiwa nimesimama kwenye ngazi na bado nimesimama. Nimeitoa yako ya Machi nikaitazama upya. Si giza. Uliandika kwa mkono wa kushoto. "Tuko salama," uliandika, kwa mkono wa kushoto.

Vidole vingapi? Ilikuwaje? Na Santi alisema nini, na alimwambia nani, na wewe ulikuwa wapi alipokuwa anasema?

Safari hii nisimulie yote. Ukinificha tena nitapanda basi nije nimwulize yeye mbele ya mama yake.

J.

*

San Roque
26 Aprili 2018

Jovy,

Namtamkia Mutya anaandika, halafu maneno mengine ambayo hayafai masikio yake namalizia mwenyewe kwa kushoto. Utajua yapi ni yapi.

Ni vidole viwili vya kulia, cha shahada na cha kati. Vipo, havijaondoka, ila havikunjiki. Nikitaka kufunga ngumi vinabaki vimenyooka kama naapa mahakamani. Mutya anasema mama amekuwa sanamu ya mtakatifu.

Ilikuwa zamu ya pili. Siku hiyo Santi alikuwa ameniambia nipumzike, halafu watu wakapungua, akaja akasema rudi kwenye mstari, nazi zimerundikana na lori linangoja. Nikarudi. Sikuwa nimekula kitu zaidi ya chumvi na wali baridi asubuhi. Unajua kumenya, nazi iko kwenye kiganja, kisu kinaizunguka, ganda la kahawia linatoka kama utepe. Mikono inajua njia yenyewe. Nadhani nilisinzia, mkono wa kulia ukateleza kutoka kwenye mpini mpaka kwenye makali. Sikusikia maumivu, niliona tu nyama ya nazi imekuwa nyekundu nikafikiri, nani kaimwagia hii soda.

Nimemwambia Mutya aweke kalamu apumzike, sasa ni mimi.

Sikuwa napiga soga. Ninapigaje soga na usingizi? Lakini kama ingeandikwa kwamba nyapara alimrudisha kazini mtu aliyechoka, zamu ya pili, bila kula, lawama ingekuwa yake. Alinijia kliniki pale, uso umemkauka, akasema, "Liza, nimeshasema ulikuwa unazungumza na Chayong. Usinikane." Sikumkana. Nilimwambia umefanya vizuri. Tungefukuzwa wawili tungekula mawe?

Na nikwambie lingine, maana naona unalitafuta. Ile sauti ya Januari, "Mungu akuzidishie, Bosi," ni ya Santi. Alipewa maneno tangu siku moja kabla. Wiki ile ile alipewa unyapara mkuu. Nililijua wakati nakuandikia ile barua ya kwanza. Ndiyo, nilijua. Nilipiga makofi nikijua aliyeyaanzisha ni mume wangu.

Amebadilika, Jovy. Hanipigi wala hanitukani. Ananifungia vifungo vya blauzi asubuhi bila kuniangalia usoni. Kuna siku alikosea kifungo kimoja, nikatembea hivyo hivyo siku nzima.

Nakuomba kitu kimoja. Njoo Mei uvae gauni, useme asante, nishonwe mkono. Basi. Na ukishindwa kabisa kujizuia, na mimi nakujua, fanya lolote kwa Don, fanya lolote hata kwa Ninang, nitavumilia. Lakini Santi usimguse. Ni baba wa Mutya. Nikimkosa yeye na mkono pia, nitabaki na nini?

Liza

*

Sampaloc
2 Mei 2018

Ninang mpendwa,

Nabusu mkono wako. Asante kwa gauni na kwa nafasi ya Malkia wa Haki, ambayo sikuistahili. Nitakuja. Maneno ya shukrani nimeshayaandika na kuyakariri. Yatakuwa machache na kila mtu atayaelewa, hata wageni.

Kuhusu meza ya mhasibu tutazungumza ana kwa ana.

Sijanenepa.

Mwanao,
Jovelyn

*

Sampaloc
8 Juni 2018

Dada Liza,

Hukuwepo. Nilifika San Roque nikaambiwa Santi amekupeleka kwa mama yake Lucena upumzike mpaka sherehe ziishe, na nilipomwuliza Santi mwenyewe nani alitoa wazo hilo aliniambia, "Ninang wako anakujali sana." Kwa hiyo inabidi nikusimulie, ingawa najua Chayong ameshakupa ya kwake yenye chumvi zaidi.

Nilitembea. Upanga ulikuwa wa bati na mizani ilikuwa ya kupimia samaki, wameipaka rangi ya dhahabu, bado inanuka. Tulipopita mbele ya kiwanda wanawake walikuwa wamepanga mishumaa kando ya ukuta. Nilitazama mikono yao tu.

Jukwaani Don Eusebio alinikabidhi kipaza sauti kwa heshima zote. Padri alikuwa kushoto, meya kulia, na wale wanunuzi wanne kutoka ng'ambo wamekaa viti vya mbele na mkalimani wao. Nikasema hivi, nakumbuka neno kwa neno:

"Ninong, Ninang, mimi ni mtoto wa mmenya nazi. Wafanyakazi wamenituma niwashukuru. Mwezi wa Januari, kwa sababu ya kodi ya mapato, gunia lao la mchele lilisimamishwa. Ninong aliamini wamepunguziwa kodi. Lakini Ninong ni mtu wa haki, na alipogundua kwamba wafanyakazi wake wa kima cha chini hawajawahi kukatwa kodi hiyo, na kwa hiyo hawajapunguziwa chochote, ameona aibu. Ameamua kuwarudishia gunia lao. Usiku huu, mbele ya Msalaba, tunamshukuru."

Mkalimani ndiye aliyekuwa akinong'ona peke yake, nikamwona mmoja wa wale wageni anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Aling Chayong, Mungu ampe umri, akapaza sauti kutoka gizani:

"Bosi, nije na gunia langu au mnatoa mchele na gunia lake?"

Vicheko vikalipuka. Mwingine akasema, "Na ya tangu Januari je, tunaletewa au tunafuata?" Meya akasimama, akamkumbatia Don, akamwambia karibu na kipaza sauti kabisa, "Kumpare, ndugu yangu, moyo wako ni mpana kama shamba lako." Ungeuona uso wake! Nimesubiri miezi minne kuuona uso ule. Alitabasamu kwa meno yote, na jasho lilikuwa linamtiririka kutoka sikioni mpaka kwenye kola. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kulinusa. Nilifurahi. Sitasingizia kwamba nilihuzunika kidogo, au nilimwonea huruma mzee. Nilifurahi tu.

Lakini yule si mjinga. Alichukua kipaza sauti, akakohoa, akasema ni kweli, alitaka iwe siri ya mshangao lakini mtoto amemtangulia. Kuanzia Juni atatoa mchele. Nusu gunia. Kwa wale wenye bidii tu, ambao hawajakosa kazi hata siku moja tangu mwaka uanze.

Umeelewa mara moja, naona. Nusu gunia kwa Chayong, nusu gunia kwa wote waliokuwa pale. Kwako hakuna. Alikuwa ananitazama mimi aliposema "hata siku moja."

Nyuma ya jukwaa Ninang alinivua taji mwenyewe. Alichomoa pini moja moja, taratibu, na nyingine ilinichoma.

"Nimekusomesha," akasema, "ili uje univue nguo mbele ya padri."

"Nimesema asante, Ninang. Ulitaka asante."

"Usinichezee. Ulikuwa hujui hata kushika uma ulipoingia nyumbani kwangu."

"Ni kweli."

"Basi mwambie dada yako atafute Ninang mwingine wa kumshona vidole."

Nikauchukua mkono wake nikaugusisha kwenye paji la uso wangu, kama ulivyonifundisha kuwaheshimu wakubwa tangu nikiwa mtoto. Watu walikuwa wanatazama, hakuweza kuunyakua. Mkono wake ulikuwa baridi na laini sana. Nikafikiri, mkono huu unakunja vidole vyote vitano. Nilitoka pale nikiwa nimeshaamua.

Najua ulichoniomba. Barua yako niliifungua mara nyingi, ile sehemu ya mkono wa kushoto. Nililala nayo Lucena stendi, nikingoja ofisi zifunguliwe, maana sikutaka kuja kwa mama mkwe wako nikakutana na macho yako nikalegea.

Asubuhi nilikwenda ofisi ya kazi ya mkoa. Karani alikuwa mwanamke wa makamo, anakula ndizi ya kukaanga, akanisikiliza bila kuacha kutafuna. Nilimweleza habari ya gunia. Akasema gunia ni shauri la wafanyakazi wote, litakwenda kwa hatua zake, wakaguzi watatumwa. Nikamweleza habari ya mkono. Hapo akafuta vidole.

"Hilo ni jeraha la kazini. Mfuko wa majeruhi unaweza kulipia upasuaji, hata huko Manila. Lakini kampuni inasemaje?"

"Inasema alikuwa akipiga soga."

"Nani shahidi wa kampuni?"

"Nyapara."

"Basi mpaka ithibitike kwamba nyapara amesema uongo, mfuko hautoi. Una hakika alisema uongo?"

"Yeye ndiye aliyemrudisha kwenye mstari. Zamu ya pili, hajala."

"Anaitwa nani?"

Nataka ujue kwamba sikulitaja upesi. Feni ilikuwa inageuka huku na huku, ikinifikia, ikiniacha. Nilimfikiria Mutya. Nilifikiria vifungo vya blauzi. Halafu nikafikiria sauti yake kule nyuma, "Mungu akuzidishie, Bosi," na uso wake mkavu kliniki, "Usinikane." Ningeweza kukuambia kwamba nilifanya kwa ajili ya vidole vyako tu, na ungeamini, kwa sababu bila jina lake havishonwi. Lakini wewe umeniambia kweli kwa mkono wa kushoto, na mimi nakuambia kweli kwa huu wa kulia: hata kama vingeshonwa bila kumtaja, ningemtaja.

"Ni nani kwako?" karani akaniuliza nilipomaliza.

"Shemeji."

"Umefikiri vizuri, mwanangu? Mambo ya nyumba..."

"Andika."

Akaandika, akapiga muhuri. Ndugu anaruhusiwa kufungua malalamiko, alisema, ila mwenyewe lazima aje aseme ndiyo au hapana. Wito utakufikia wiki hii, utaletwa kwa mkono, usimwachie mtu mwingine akupokelee. Ni tarehe ishirini na mbili, saa tatu asubuhi. Santi ameitwa siku hiyo hiyo, chumba hicho hicho. Kuna benchi moja tu mle ndani, nililiona, kwa hiyo mtakaa pamoja. Utamsikia akirudia kwamba ulikuwa unapiga soga, na wakikugeukia utasema unalotaka. Ukisema hapana, malalamiko yatakufa hapo, na vidole vyako pia. Siwezi kukusemea. Nimefanya yote yaliyo mbele ya hapo.

Daktari wa hospitali ya umma hapa Manila amekubali kukuona wiki itakayofuata. Nimeacha masomo yangu ya jioni, chumba changu kina nafasi ya godoro la pili, la Mutya nimelinunua. Kazi ya Ninang nimeikataa kwa barua ya mstari mmoja.

Unaweza kunichukia. Nimejiandaa kwa hilo kuliko nilivyojiandaa kwa ile hotuba. Lakini usije ukasikia kwa Chayong, au kwa mama mkwe wako, kwamba nililazimishwa, au kwamba jina lake lilinitoka kwa bahati mbaya. Nilitoa majina matatu, Liza, la Don, la Ninang na la Santi, na la Santi nililitaja la kwanza.

Jovy